Kilo Kumi za Mchele

Daktari alipomaliza kunishona aliniambia:
mama, mgongoni usimbebe mpaka nitakapokuruhusu.
Nikacheka, kidogo tu, maana kucheka kuliuma.
Sisi tunakaa Mabatini,
kule juu, penye mawe yaliyorundikwa
kama fundi aliyaacha akaenda kunywa chai.

Basi Jumamosi tukashuka Makoroboi,
mimi, Mugasa, na Bugingo mikononi mwa shangazi yake,
kutafuta kigari.

Muuzaji alianza na rangi.
"Hiki cha pinki kina pa kuweka soda,
kina muziki, kina kipepeo anayewaka taa."
Mugasa hakujibu. Mugasa ni fundi baiskeli,
haamini kitu mpaka akione miguu juu.
Akakipindua. Akazungusha gurudumu kwa kidole,
akatega sikio
kama anayesikiliza ugomvi wa jirani.
"Beringi hamna. Hiki ni cha sebuleni."

Cha pili kilikuwa cha chuma,
cha kuaminika kama maksai.
Nikajaribu kukinyanyua,
mshono ukanijibu kabla sijauliza.
Nikakirudisha chini. Hakuna aliyesema neno.

Cha tatu kilijikunja kwa mkono mmoja, tap! kama mwavuli.
Kufunguka ndipo kikagoma.
Muuzaji akavuta, akasukuma, akamwita kijana wa stoo,
na Bugingo, miezi mitatu, akawatazama
kwa uso wa karani wa forodha.

Cha nne kilikuwa mtumba, kijivu,
kimepauka upande mmoja tu,
upande wa dirisha, nadhani, katika nyumba ya mbali.
Kwenye upau wa mbele palikuwa na alama za meno.
Mtoto wa nani aliota meno hapa?
Kiti kinalala mpaka chini. Nikakinyanyua: tumbo likanyamaza.

Mugasa akaazima mchele duka la pili,
kilo kumi, akaweka simu yake rehani.
Akaufunga mikanda yote mitano,
akauvisha na kofia ya mtoto. Wifi yangu hoi kwa kicheko.
Akausukuma juu ya kokoto, akavuka nao mfereji,
akapanda vidato vitatu vya benki, askari akamfukuza, akashuka,
akafunga breki kwenye mteremko,
akarudi nyuma hatua mbili,
akasubiri.

Mchele haukwenda popote.

"Ya kushoto inalegea," akasema. "Nitaifunga nyumbani."
Kwa Mugasa, hayo ni maneno ya harusi.

Jioni mama mkwe akapiga kutoka Nansio:
"Nasikia mmemnunulia mjukuu wangu toroli.
Kwani migongo imeisha huko mjini?"
Nikamwambia habari za mshono, ambazo mwanawe alimficha.
Kimya. Nilidhani salio limekata.
Kisha, taratibu: "Lina kivuli hilo toroli?"

Tukaenda mwezi wa pili yake, kwa meli.
Breki zote mbili, kati ya magodoro na kreti za soda,
na mtetemo wa injini ukipanda kwenye magurudumu
ukambembeleza Bugingo hadi Ukerewe.
Mama mkwe alikizunguka kigari mara mbili.
Akabonyeza tairi kwa dole gumba.
Hakukisifu. Hakukisema vibaya.

Ila siku ya kurudi alikijaza machungwa,
makopa, sato wa kukausha,
akavifunga mikanda yote mitano
kwa mikono yake, akakaza.
Mtoto akamtwika mwanawe mgongoni,
kwa mbeleko yangu ya njano.

Hivyo ndivyo tulivyoteremka Mwanza,
watu wa bandarini wakituonyeshana:
baba kabeba mwana, kigari kimebeba samaki.
Mugasa hakuwaona. Alikuwa akisikiliza gurudumu la kushoto.
Mimi nilitembea kando, mikono mitupu,
nisijue niiweke wapi.