Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Hoteli ya Muyeye ilipofungwa
Sinyori Tullio alidaiwa mishahara ya miezi mitatu.
Charo mpiga ngoma alichukua feni.
Mpishi alibeba sufuria mbili na mlango wa friji.
Baba alirudi na santuri moja
kwapani, kama sinia ya kuazima.

Mama alilitazama jalada.
Unyevu umelimenya, jina la mpigaji limeliwa,
limebaki gitaa, goti la suruali
na kidole gumba.
"Hii ndiyo miezi mitatu?"
"Sikiliza kwanza."

Sijui niueleze vipi muziki ule.
Haukuwa na haraka. Ulikuwa mtu anayeijua njia
na bado anasimama kuuliza, apate kusalimia.
Alipiga kwa nyama ya gumba, si kwa ukucha,
sauti ikatoka mviringo, imekolea tui,
na nyuma yake bezi inatembea peku
kwenye sakafu iliyomwagiwa maji.
Hata Bi Mwanajaa, jirani wa ukuta mmoja,
ambaye tukifungulia redio baada ya isha
hugonga kwa mchi,
alinyamaza. Kisha akabisha hodi na kopo tupu,
eti anaomba chumvi.
Akaketi hadi upande wa kwanza ukaisha,
akarudi kwake bila chumvi.

Upande wa pili, wimbo wa tatu,
palikuwa na mkwaruzo.
Sindano ikifika pale hurukia nyuma:
noti nne, noti nne, noti nne,
mpaka mmoja wetu ainuke aisukume.

Baba aliujua wote kwa gitaa lake la nyuzi tano
(uzi wa sita Mama alifungia pazia)
na akifika pale
aliupiga mkwaruzo pia.
Noti nne, mara tatu, uso mkavu,
halafu goti lake linagonga goti langu:
sindano imesukumwa.
Umeme ukikatika santuri ilizama polepole,
sauti ya mtu anayezidiwa na usingizi,
na gumba la Baba likaipokea gizani
kabla haijafika chini.

Jumanne, mwaka wa pili tangu tumzike,
nilimvumia kijana wa duka la simu pale Barani.
Akatafuta, akaupata.
Mzima, umesafishwa, na jina la mpigaji juu yake.
Sikulisoma.

Noti nne zikaja.
Nikasogeza goti.

Wimbo ukapita.
Haukugeuka hata kidogo, ukaenda zake,
na mbele kidogo kumbe kulikuwa na noti ya tano,
ndogo, ya chini,
iliyolala miaka yote ndani ya mkwaruzo wetu
bila yeyote nyumbani kuisikia.

"Vipi, si ndio wenyewe?"
"Ndio," nikamwambia,
"ila huu wako una kasoro."