Pasi ya Makaa, Muyeye

Kura ikikaribia, meza yangu hujaa
fulana za bure: kijani, samawati, manjano,
na wenyewe husimama ubavuni mwa pasi
wakisubiri nguo, wakichokozana.

Kahindi ni mtu wa manjano tangu babake;
alirithi chama pamoja na shoka na deni la dukani.
Huanza na barabara.
"Mvua ilinyesha juzi. Nani alikwama?"
"Barabara hailiwi," Nyevu wa korosho amjibu.
"Wangu wawili wako nyumbani kwa deni la karo,
na mheshimiwa wako alikuja na ngoma,
akatuachia vumbi."
"Na wako je?"
"Wangu hakuja kabisa. Angalau hakuniongopea."

Nalamba kidole, nagusa chuma. Tss. Bado.

Shekuwe ana daftari. Amehesabu mwenyewe,
kwa baiskeli, mifereji yote toka hapa hadi Ganda:
iliyoahidiwa, iliyozinduliwa, inayotoa maji.
Akasoma taratibu, hata mimi nikasimamisha mkono.
Hesabu ilikuwa sawa. Hakuna aliyeipinga.
Kahindi kamtazama toka kandambili hadi kofia:
"Kwani wewe, kwenu hasa ni wapi?"

Daftari likarudi mfukoni.
Nyevu akamtilia korosho kiganjani. Hakuzila.

"Na wewe dobi? Siku zote wanyoosha tu."
Nikasema: ardhi. Nikasema: bei ya unga.
Nilisema vizuri, hata Kahindi aliitikia kwa kichwa.

Sikusema ya mama.
Sikusema benchi la hospitali, alfajiri hadi adhuhuri,
wala yule dereva mwenye kofia ya chama
aliyemwinua kama abebaye trei ya mayai,
akamtafutia kiti cha magurudumu, akaenda zake
bila kutuuliza majina.
Siku hiyo ndiyo niliyopata chama.
Sababu zilifika baadaye, moja moja,
kama wageni wa karamu,
kila mmoja akiapa ndiye aliyealikwa mwanzo.

Mwezi uliopita dereva yule akaja hapa. Hakunijua.
Alileta fulana ya rangi ile nyingine.
Nikanyoosha kola, mikono, mgongo;
uso wa mgombea uliochapwa kifuani
nikaupitia kwa ndani, usigande kwenye chuma.
Nikapokea hamsini yake. Nikamrudishia kumi.

Nilihama?
Nilikaa pale pale juu ya debe
nikatafuta sababu ya kubaki,
nikaipata kabla pasi haijapoa.