Hatua Kumi na Nne

Mimi ndiye Nyevu wa kibanda cha tiketi, Marafa.
Kalamu yangu nimeifunga uzi, isiondoke na wageni.
Daftari lilikuwa la mwanangu, hesabu za darasa la tano;
nimekata jina lake, nikaandika MAPATO.

Kwenye vitabu vyao pameitwa Jiko la Shetani.
Sisi twapaita Nyari, palipojivunja penyewe.
Shetani mimi sijamwona. Nimeona popo,
na mbuzi wa Kombe aliyeteleza mwaka ule wa mafuriko,
tukala nyama siku tatu, Kombe akinuna.

Saa kumi na moja mwamba hugeuka rangi:
pilipili, manjano, ukoko wa wali.
Ndipo magari ya Malindi hufika, vumbi likitangulia.
Nawashusha bondeni pole pole, nawasimulia:
palikuwa na matajiri waliooga maziwa,
na majirani wakiomba tone la kumtia mtoto mdomoni,
hata ardhi ikachoka, ikafunua kinywa.
Hapo hupiga picha.
Mmoja aliniuliza, "Na wale majirani, je?"
Nikamwambia, "Ndio sisi. Mia tano kwa kichwa."

Akacheka. Sikuwa nafanya mzaha.

Ndani ya mia tano hizo mna tangi la shule,
mna madawati kumi na sita, mna karo ya Haluwa
anayesomea uuguzi na hapigi simu ila akiishiwa.
Mna pia elfu mbili zilizopotea mwezi wa pili.
Katibu akiulizwa hukohoa.
Nimeziandika kwa wino mwekundu.

Halafu akaja bwana wa kampuni, na wakili wake,
na ramani iliyokunjwa mara nane.
Hoteli ukingoni. Ukuta. Miaka thelathini na mitatu.
Kazi arobaini kwa wenyeji:
wafagiaji, walinzi, wacheza ngoma wakati wa chakula.
Thoya akauliza, "Na meneja?"
Wakili akatazama saa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema bwana,
kwa Kiswahili kilichopigwa pasi.
Dzendere, mguu wake ukiwa umefungwa kitambaa, akamjibu:
"Kupona tumekungoja sana.
Zahanati ina kufuli, na ufunguo uko likizo."

Msidhani tulikuwa kauli moja.
Ndugu yangu Yeri aliitaka ile hoteli kama maji.
Mkono mtupu haulambwi, alisema, na wake ni mtupu kweli,
naujua, mimi ndiye huutilia.
Tulibishana hadi taa ya shule ikaisha mafuta.
Hatukutia sahihi. Hatukukataa.
Wakaenda wakapigilia vigingi vyekundu,
mita ishirini kutoka ukingoni, kama mkataba unavyosema.

Masika ikanyesha usiku mara tatu mfululizo.
Nilisikia Nyari akitafuna.
Asubuhi vigingi sita vilikuwa chini kabisa, kwenye tope jekundu,
na cha saba kinaning'inia kwenye mzizi
kama jino la mtoto.

Wakili alirudi na ramani mpya, na viatu vibaya.
"Haya, mama, ukingo uko wapi?"
Nikamuuliza, "Wa mwaka gani?"

Alisema atarudi. Huenda akarudi.
Kijiji kilicheka wiki nzima, Yeri peke yake hakucheka,
nami nilicheka mpaka nikakumbuka kupima.

Kutoka kibandani hadi ukingoni,
mwaka jana hatua kumi na tisa.
Leo kumi na nne, na miguu ni ile ile.

Nimeiandika chini ya MATUMIZI,
maana sikuona pengine pa kuiweka.
Kesho twahamisha kibanda. Watoto watabeba mabati,
Yeri atabeba mlango, ameahidi.
Kalamu naifungua uzi mwenyewe.