Daftari la Zamu

Mchoraji alileta ramani yenye kuta sita:
chumba cha mbu, chumba cha samaki, chumba cha udongo,
kila mkubwa na mlango wake, kila mlango na kufuli.
Nikamuuliza, na sinki?
Akasema, sinki ni moja.
Nikachukua penseli yake nikafuta kuta nne.

Sikusomea majengo.
Nimelelewa kwenye mashine ya kusaga, soko la Luanda,
mama yangu, Respa Kavere, na ufagio mfupi mkononi,
chaki nyuma ya sikio.
Madebe yalipangwa tangu mlangoni hadi barabarani,
mtama wa huyu, mahindi ya yule, wimbi la mgonjwa.
Kabla ya wimbi kumiminwa mama alizima mashine,
akapangusa jiwe, akapuliza, akapangusa tena,
na foleni nzima ikasonya.
"Unga wa mtu," alisema, "usionje unga wa mwenzake."

Miaka thelathini baadaye, hapa Kibos,
navaa glavu na kuwaambia madaktari maneno hayo hayo.

Daftari linaning'inia kwenye msumari.
Sentrifuji, Jumatatu: Nyangweso, mbu wa Ahero.
Jumanne: Chepng'eno, majani ya chai yenye ukungu.
Jumatano imefutwa mara tatu kwa wino wa rangi tatu;
hapo nimeandika jina langu, wasije wakapigana.
Kila mtu hulipa kidogo, na kidogo hicho
ndicho balbu, ndicho gesi, ndicho mshahara wa Wafubwa
anayeosha vioo usiku na kuvihesabu kwa Kibukusu.
Ufadhili hununua mashine.
Ukanda ukikatika, mfadhili yuko likizo.

Aprili, mvua ya mawe. Stima ilipotea saa nane usiku.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, tangi kavu:
mtu alikuwa amekopa dizeli ya safari ya Siaya
na hakuandika.
Friza ikaanza kupanda. Hasi sabini na nne.
Hasi sitini na nane.
Mle ndani damu ya watoto wa Nyando, miaka kumi na mmoja ya damu,
baadhi yao sasa wana ndevu.

Niliwapigia wote. Nyangweso alikuja na kandambili zisizofanana.
Wafubwa akamwamsha binamuye, mpandishaji ng'ombe wa Kajulu,
akafika kwa pikipiki, amepakata mtungi wa naitrojeni
wenye mbegu za fahali watatu wa kigeni.
Nafasi iliyobaki: kikapu kimoja.

Wakanitazama.
Nikafungua daftari kwa mwanga wa simu,
kana kwamba usiku huo ulikuwa na ukurasa wake.
Chepng'eno ndiye aliyenyoosha mkono,
akatoa sanduku lake, akaliweka sakafuni.
"Chai itachumwa tena," akasema,
na sauti yake haikuwa na ukarimu wowote.
Ilikuwa imechoka tu.

Damu ilipona. Fahali pia.
Majani yakageuka uji mweusi, miezi saba ya kazi,
nikayamwaga kwenye lile sinki moja.

Siku ya tatu nikakuta mstari mpya katika daftari:
*Dizeli, lita kumi. Nimerudisha kumi na tano.*
Bila jina.
Mwandiko naujua.

Nikachukua kitambaa, nikapangusa meza.
Nikapuliza.
Nikapangusa tena.