Dawa Iko Jikoni

Zamu yangu huanza saa nane mchana,
Sunderland, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mazulia.
Desemba hii jua huaga kabla sijamaliza chai.
Waliniajiri kwa sababu ya lugha ya mama yangu.
Sijapata kuuza kitu cha thamani kwa bei ya kutupa namna hii.

Sekunde thelathini kwa kila ujumbe.
Acha. Futa. Acha. Futa.
Tusi la nguoni, futa.
Tusi lenye picha ya mochwari, futa,
kisha nenda dirishani kama ulivyofundishwa,
taja vitu vitano unavyoviona:
kreni, shakwe, basi, mvua,
mvua.

Mashine husoma kwanza, mimi nafuata.
Jumanne ilimfungia Mzigua mmoja
aliyeandika kwenye tanzia ya mtani wake:
"Mnyamwezi, umekufa na deni langu.
Fufuka unilipe, ndipo nikuzike vizuri."
Msiba mzima ulicheka
hadi machozi yakapata kisingizio.
Mashine ikaona chuki.

Ya Zaituni iliiacha.
Zaituni anauza vitenge mtandaoni, yuko Reading, simjui.
Chini ya picha zake kuna mtu huandika
maneno yaleyale kila usiku saa tisa:
*Dawa yako iko jikoni.*
Mashine: salama, asilimia tisini na nane.

Kieran, msimamizi, akasoma tafsiri.
"Haya ni mapishi?"

Nilieleza. Kwamba hata mama yangu alinitishia hivyo
nilipovunja kikombe, na sote tulijua
dawa yenyewe ni kofi moja na uji.
Kwamba huyu hana uji.
Kwamba zimepita siku kumi na moja,
na jana aliambatanisha picha ya mlango wa kijani
wenye namba, na pipa la taka pembeni.
Mashine inapima neno.
Haipimi saa tisa ya usiku.

"Sera haina kipengele cha jikoni," akasema,
wala si kwa ubaya. Kieran ni mtu mwema,
siku ya mochwari aliniletea biskuti.

Nikafuta. Mfumo ukairudisha.
Nikafuta tena, ukairudisha.
Mara ya tatu hukatwa alama,
na alama ndizo mkataba wangu wa Machi.
Kidole kilikaa hewani
sekunde thelathini zote.
Nikafuta.

Sijui kama imebaki imefutwa. Zamu iliisha.

Nyumbani Thureya, tunayepanga naye,
alisikia ufunguo akaita kutoka ndani,
sauti yake imejaa nazi na usingizi:
"Umechelewa! Chako kiko jikoni."

Nikasimama koridoni, koti linachuruzika,
nikaanza kuhesabu:
kitasa, ndoo, viatu vyake,
mwanga chini ya mlango.
Cha tano sikukiona.