Mateka Hana Cheo

Kanuni niliifundisha mimi mwenyewe,
chaki mkononi, kwa askari wapya wanaosinzia:
afisa akitekwa, cheo chake kimekufa papo hapo.
Akisema fungueni, msifungue.
Akilia, msifungue.
Awe mkuu wa gereza, awe baba yako mzazi,
lango ni lango.

Basi Jumanne, saa nne asubuhi, katika stoo ya posho,
Kaahwa alipopitisha mkono shingoni mwangu
na ncha ya kijiko alichokinoa sakafuni,
nilipiga kelele: "Fungueni!"
Nikasikia vijana wangu, wanafunzi wangu wazuri,
wakizungusha ufunguo upande wa pili.
Nilijivunia. Naapa, kwa nukta moja nilijivunia.
Kisha nikajikojolea.

Nje walifanya yanayofanywa.
Wafungwa wakahesabiwa, wakafungiwa, wakahesabiwa tena.
Waliokuwa shamba la chai wakarudishwa wawili wawili.
King'ora kikazimwa, maana king'ora humpa mtu wazimu.
Kikosi cha ngao kikaja. Chini ya mlango
nilihesabu buti kumi na nane
na viatu viwili vya kike, vimekanyagwa visigino.

Sajini Kabahuma wa ustawi, yule tuliyemcheka
kwa kuwaandikia wafungwa barua kwa mwandiko wa shule.
Alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa.
Hakusema kitu kwa muda wa maharagwe kuchemka.

Hapa Fort Portal, ndani ya ukuta, Kiswahili ni amri:
simama, chuchumaa, vua, hesabu.
Miaka ishirini sikujua kama kina neno la kubembeleza.
Kabahuma alikitua polepole, kama mtu atuaye mtungi,
akauliza kwa Kitooro:
"Empaako yako nani?"
Lile jina la heshima, ambalo Mtooro
hupewa angali mchanga, ili asisalimiwe kavu.

Nilisikia moyo wa Kaahwa mgongoni mwangu
ukitafuta mlango.
Mia sita na nne: ndivyo nilivyomwita
kila jioni, kwenye orodha, miaka sita.
"Araali," akasema,
kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

"Araali, umekula?"

Hakutaka gari. Hakutaka msamaha.
Alitaka tarehe.
Faili lake lilipotea kati ya polisi na mahakama,
na huko liliko lilikuwa likimtafuna.
"Tarehe tu, Akiiki. Hata ya mbali."
Kabahuma hakumdanganya, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi:
"Araali, tarehe sina. Nina chai, na nina masikio."

Mkuu alitaka mlango uvunjwe saa tisa.
Kabahuma akasema saa kumi.
Saa kumi akasema kumi na moja.
Aliniokoa kwa kukopa saa moja moja,
kama jirani anayekopa chumvi.

Chai ikapita dirishani. Kaahwa akaninywesha mimi kwanza,
nionje kama wameitia dawa.
Tukangoja. Sikulala.
Akanywa. Akaniuliza empaako yangu.
Nikasema mimi ni Okiror, mtu wa Teso, hatuna.
Akafikiri, kijiko kikiwa bado kooni mwangu.
"Apuuli," akasema. "Chukua hiyo. Usikae bure."

Saa moja na robo kijiko kililazwa juu ya gunia,
kikawa kijiko.

Siku tisa baadaye alipata tarehe.
Faili la kosa hili jipya halikupotea:
lilikuwa na picha, mchoro wa stoo,
na kijiko ndani ya bahasha, kimepigwa muhuri.
Lile la zamani, mpaka leo.

Wakili wa serikali aliniuliza kama namtambua mshtakiwa.
Nikasema namtambua.
"Taja jina lake."
Nilikuwa nimevaa cheo changu, kimepigwa pasi.
Nikasema, "Araali."

Karani akainua kalamu:
"Hilo linaandikwaje?"