Fomu Mbili

Saa saba kasoro, tingatinga liliondoka peke yake.
Ekirapa alikuwa ameshuka kunawa mikono,
injini imezimwa, breki imevutwa, ndivyo alivyoapa,
na mimi namwamini, maana nilikuwa namtazama.
Lilirudi nyuma polepole, kama ng'ombe aliyekumbuka chumvi,
likashuka mteremko wa machimbo ya Osukuru,
likakanyaga birika, sufuria, vikombe kumi na viwili
na kigoda cha Nyafwono.

Nyafwono hakuwapo.
Dereva wa lori la Malaba alikunywa chai ya mia tano
akatoa noti ya elfu kumi,
naye akaondoka akinung'unika
kwenda kwa mlinzi wa geti kutafuta chenji.

Sasa nimekaa ndani ya kontena tuliloligeuza ofisi,
bati linalia kwa joto, fomu iko mezani.
Bwana Okware amesimama mlangoni, kofia ngumu kwapani.
"Damu iko wapi?"
Hakuna.
"Mfupa?"
Hakuna.
"Basi na ajali hakuna. Mkaguzi haji Tororo kuzika birika."

Mwongozo wetu unasema:
kifo, piga simu saa hiyohiyo;
kiungo kikikatika, simu;
siku tatu nje ya kazi, andika.
Siku tatu.

Omoding wa ekskaveta nilimhesabia mimi.
Mpira wa haidroliki ulipasuka,
mafuta ya moto yakamla mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko.
Siku ya kwanza alilala, ya pili akalala.
Ya tatu, kabla ya jogoo, gari la kampuni lilimfuata kwake,
akaketishwa stoo juu ya gunia la saruji,
akapewa boliti azihesabu.
Wiki mbili alihesabu boliti zilezile.
Kila asubuhi alinipa mkono wa kushoto,
kila asubuhi akaniomba radhi kwa kunipa wa kushoto,
nami nikaandika daftarini: yuko kazini.

"Ukiituma," asema Okware, sasa kwa sauti ya chini,
"watatufungia mashine siku kumi.
Vibarua mia mbili. Watakula nini?
Na huyo Nyafwono, chai atamuuzia nani?"
Hasemi uongo. Hilo ndilo linalonichosha.

Jioni nashuka na kamba ya kupimia.
Kutoka kigodani hadi getini, hatua arobaini na moja.
Nyafwono anaokota vipini vya vikombe,
anauliza nani atamlipa.
Namwambia sijui.
Anauliza kama nitamwandika.
"Hukuumia," namjibu,
naye ananitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Tarehe. Mashine. Mahali.
Breki: ilivutwa, haikushika.
Penye *Aliyeumia* naandika: bado.
Naifuta, serikali haina safu ya bado,
naandika: hakuna,
kisha pembeni, kwa herufi za kubana,
vikombe kumi na viwili, noti ya elfu kumi, hatua arobaini na moja.

Halafu nafungua droo, natoa fomu nyingine tupu.
Jina: Omoding. Mkono: wa kulia.
Tarehe: ya mwezi uliopita.
Kuna mstari unaouliza sababu ya kuchelewa kutoa taarifa.
Ni mfupi, lakini unatosha
kuandika jina langu.